Anga la Sudan na Mizani ya KIA

Hotuba kwa mawakala wa utalii, waongoza watalii na wauzaji wa maua na mboga nje ya nchi, Arusha

Ndugu viongozi wa vyama vya utalii, wakulima, wasafirishaji, nanyi nyote mlioamka alfajiri kutoka Moshi, Karatu na Usa River: wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze kwa nini vita vya mbali vinabadilisha safari za ndege zinazotua hapa kwetu. Nianze na tufe la dunia na uzi. Shika ncha moja ya uzi Amsterdam, nyingine KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, kisha uvute mpaka ukaze. Una urefu wa kilomita zipatazo 6,900. Unapita juu ya Ujerumani, Italia na Bahari ya Mediterania, unaingia Afrika kupitia Libya ya mashariki, unagusa pembe ya Misri, halafu unaipasua Sudan kutoka kaskazini hadi kusini. Baada ya hapo ni Sudan Kusini, Kenya, na mlima wetu. Anga la Libya mashirika mengi ya Ulaya yamelikwepa kwa miaka. La Sudan lilifungwa tarehe 15 Aprili 2023, siku mapigano yalipoanza Khartoum. Uwanja wenyewe wa ndege uligeuka sehemu ya mapigano, na ndege ya Saudia aina ya A330 ilipigwa risasi ikiwa chini, ikijiandaa kwenda Riyadh.

Njia fupi kuliko zote kati ya Ulaya na kaskazini mwa Tanzania ikawa imekatika katikati. Ukivuta uzi kutoka Istanbul utaona hali ni hiyo hiyo. Ndege zikahamia mashariki: Misri, Bahari ya Shamu upande wa Saudi Arabia, Eritrea, Ethiopia, Kenya. Nyingine zikapitia magharibi, juu ya Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ukipima njia ya mashariki kwenye ramani, inaongeza kama kilomita 350 hadi 400, yaani chini kidogo ya nusu saa. Wengi wakisikia nusu saa huona ni jambo dogo. Naomba tukae hapo kwanza, maana nusu saa hiyo ndiyo inayowateremshia maboksi yenu kwenye mizani.

Ndege ya injini mbili ya ukubwa wa A330 au Boeing 787 hula tani 5 hadi 6 za mafuta kwa saa. Nusu saa kasoro ni kama tani 2 na nusu. Lakini mafuta hayo yana uzito, na kubeba uzito kunakula mafuta. Kanuni ya makadirio inayotumika kwenye mipango ya safari ni kwamba kila saa ya kuruka huteketeza takriban asilimia 3 ya uzito wowote wa ziada uliobebwa. Kwa safari ya saa 8, karibu robo ya ule uzito wa ziada inaishia njiani. Tani 2 na nusu zinakuwa tani 3 kabla gurudumu halijaacha ardhi.

Ndege ina uzito wa juu unaoruhusiwa wakati wa kuruka, na uzito huo haubadiliki kwa sababu kuna vita. Ikiwa ndege ilikuwa tayari imefika kwenye kikomo chake, tani 3 za mafuta zikiingia, tani 3 za kitu kingine zinatoka. Nani anatoka? Abiria ana tiketi, mzigo wake unamfuata. Kinachobaki ni shehena. Tani 3 ni katoni 750 za kilo 4, au makontena mawili ya mizigo ya ndege, aina ya LD3, yaliyoshindiliwa. Ndiyo maana mkulima wa Arumeru anaambiwa jioni kwamba nafasi aliyothibitishiwa mchana imepunguzwa, wakati ndege haijachelewa hata dakika moja na hali ya hewa ni nzuri.

Hapa sisi tuna nafuu kidogo ambayo watu hawaizungumzii. KIA iko mita 894 hivi juu ya usawa wa bahari na barabara yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na Addis Ababa iko juu ya mita 2,300. Kadiri uwanja unavyokuwa juu na jua linavyokuwa kali, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, injini inasukuma kwa nguvu ndogo na bawa linainua kidogo. Ndege ile ile, siku ile ile, inaweza kuruka KIA na uzito ambao Addis isingeuweza. Na ndege nyingi za kwenda Ulaya huondoka usiku, hewa ikiwa imepoa. Kwa hiyo ukiambiwa mzigo umekatwa, uliza: umekatwa kwa sababu ya mafuta ya mzunguko au kwa sababu ya uwanja? Kama ni mafuta, utakatwa kesho pia na keshokutwa, na inafaa upange upya msimu mzima. Kama ni joto la mchana, badilisha ndege.

Sasa, nani hasa hufunga anga? Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema katika ibara ya 1 kwamba kila nchi ni mwenye mamlaka kamili juu ya anga lake, na ibara ya 9 inairuhusu kuzuia ndege kupita sehemu fulani kwa sababu za kijeshi au usalama wa umma. Huo ndio mlango wa kwanza: nchi yenyewe inatoa notamu, yaani taarifa rasmi kwa marubani, na kufunga. Mlango wa pili ni nchi ya shirika. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inaweza kuyakataza mashirika ya Marekani kuingia mahali ambako wenyeji wanasema ni wazi. Ulaya ina EASA, wakala wake wa usalama wa anga, ambayo hutoa taarifa za maeneo ya mapigano, na shirika la Ulaya likizipuuza litajieleza. Mlango wa tatu uko ndani ya shirika lenyewe na kwa mwenye bima. Bima ya kawaida ya ndege haihusishi vita; vita hulipiwa pembeni, na mkataba huo mwenye bima anaweza kuusitisha kwa taarifa ya siku 7. Meneja wa shirika anaweza kuwa na anga lililo wazi, rubani aliye tayari na mafuta ya kutosha, lakini bila bima ndege hairuki.

Tofauti ya milango hii inaeleza jambo linalowachanganya wateja wenu: shirika moja limesimamisha safari, jingine linaendelea kupita hapo hapo. Hakuna anayedanganya.

Kuna sababu ya uchungu inayoyafanya mashirika sasa yasisubiri mlango wa kwanza. Tarehe 14 Julai 2014 Ukraine ilifunga anga la mashariki yake hadi futi 32,000. Mawazo yalikuwa kwamba silaha zilizoko huko ni zile za kubebwa begani, ambazo hufika kama futi 15,000. Siku tatu baadaye ndege ya Malaysia Airlines, MH17, ikitoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur, ilipita kwenye futi 33,000, futi 1,000 tu juu ya mpaka uliofungwa, mahali paliporuhusiwa kisheria. Ikapigwa na kombora la Buk, silaha inayofika zaidi ya futi 70,000. Watu 298 walikufa. Wachunguzi wa Uholanzi walikuta kwamba siku hiyo, kabla anga halijafungwa lote, ndege za kiraia 160 zilikuwa zimepita eneo hilo. Kila shirika lilimwangalia mwenzake, likaona anapita, nalo likapita. Januari 2020 ndege ya Ukraine yenye watu 176 iliangushwa dakika chache baada ya kuruka Tehran, usiku ambao Iran ilikuwa imerusha makombora na anga lake likaachwa wazi. Desemba 2024 ndege ya Azerbaijan ilianguka karibu na Aktau baada ya kuharibiwa juu ya Urusi. 38 kati ya 67 walipoteza maisha. Ninapowaambia wageni wenu kwamba nusu saa ya mzunguko ni halali, ninawafikiria watu hao. Msimlaumu rubani aliyekataa njia fupi.

Mambo haya si mapya Afrika. Kuanzia 1963 nchi nyingi huru za bara hili ziliyanyima mashirika ya makaburu anga lao. South African Airways ikalazimika kuzunguka kifua chote cha Afrika Magharibi juu ya bahari, ikisimama Luanda na baadaye kisiwa cha Sal kujaza mafuta, na mwaka 1976 ikaanza kutumia Boeing 747SP, ndege iliyofupishwa ili iende mbali zaidi. Kwingineko, tangu Februari 2022 Urusi imefungwa kwa mashirika ya Magharibi. Finnair iliyokuwa ikienda Tokyo kutoka Helsinki kwa saa 9 na kitu ikajikuta inatumia kama saa 13, safari nyingine juu ya Ncha ya Kaskazini. Mashirika ya China bado yanapita Urusi, na ushindani umeinama upande wao. Pakistani ilipoyafungia mashirika ya India Aprili 2025, baadhi ya safari za Air India kwenda Marekani zikalazimika kusimama Ulaya kuongeza mafuta.

Turudi kwetu. Hatari kubwa kwa ukanda wetu ni anga kufungwa sehemu mbili au tatu kwa pamoja. Agosti 2023 Niger ilifunga lake baada ya mapinduzi, hadi mwanzoni mwa Septemba. Sudan ilikuwa imefungwa, Libya inakwepwa. Unganisheni nchi hizo tatu kwenye ramani muone ukuta ulivyosimama kati ya Ulaya na sehemu kubwa ya bara. Njia zilizobaki zikajaa, na njia ikijaa ndege haipati kimo inachokitaka. Iliyopanga futi 39,000 inaambiwa ikae 35,000, na huko chini inakula mafuta zaidi. Kwa hiyo hata ndege ambayo haikubadilisha njia inalipia msongamano wa wenzake. Mwaka 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilizifungia ndege za Rwanda, na Kigali ikapoteza njia yake ya moja kwa moja ya kwenda magharibi.

Kuna pia anga ambalo liko wazi lakini halina msaada wa kutosha kutoka chini. Marubani wanaopita Afrika hutumia masafa ya 126.9 MHz kutangaziana wenyewe: mimi ni nani, niko wapi, kimo gani, naelekea wapi. Tangazo hutolewa dakika 10 kabla ya kuingia eneo hilo, kisha kwa vipindi. Ni utaratibu mzuri lakini unategemea kila mmoja asikilize na aseme ukweli. Somalia ilikaa hivyo zaidi ya miaka 30. Januari 2023 huduma kamili ya kuongoza ndege ilirejeshwa kwenye anga lake la juu, na hilo ni jambo kubwa kwetu kwa sababu ndege za Ghuba zinazokuja Afrika Mashariki zinaweza kulihitaji wakati wowote.

Nalo suala la GPS lisiwapite. Karibu na maeneo ya vita majeshi huziba au kughushi ishara za setilaiti: Mediterania ya mashariki, Bahari Nyeusi, Baltiki. Kuziba ni afadhali, kwa sababu ndege inajua haina ishara na inarudi kwenye vifaa vyake vya ndani na redio za ardhini. Kughushi ni kubaya, maana ndege inaamini iko mahali ambapo haipo. Saa ya ndege inaweza kuruka, na mfumo wa kuonya dhidi ya milima unaweza kupiga kelele ukiwa futi 35,000 juu ya bahari. Tatizo linaweza kuendelea saa nyingi baada ya kutoka eneo hilo. Fikirieni ndege hiyo ikifika hapa usiku, Kilimanjaro mita 5,895 upande mmoja na Meru mita 4,566 upande mwingine, mfumo wa kuonya milima hauaminiki. Ndiyo maana redio za ardhini na ILS ya KIA, mfumo wa redio unaoiongoza ndege kutua, haziwezi kuachwa zizeeke eti setilaiti zipo. Kwa hilo nasema wazi: fedha za matengenezo yake zisiguswe.

Marubani nao wana mipaka. Kwa kanuni za Ulaya, marubani wawili wanaruhusiwa kazi ya hadi saa 13 wakianza asubuhi, na hushuka hadi 11 wakianza usiku. Hesabu hiyo huanza wanaporipoti kazini. Nusu saa ya mzunguko ikigusana na saa moja ya kuchelewa kujaza mafuta, kikosi kimefika mwisho na ndege inalala. Shirika likiongeza rubani wa tatu, gharama yake ipo kwenye tiketi.

Sasa wenye utalii. Wageni wenu wengi huja kupitia Doha, Dubai, Istanbul, Addis na Amsterdam. Tarehe 23 Juni 2025 Iran ilipopiga Al Udeid, kambi ya jeshi la Marekani iliyoko Qatar, Qatar ilifunga anga lake kwa saa chache tu. Lakini saa chache kwenye kituo kikuu ni siku kadhaa huko mwishoni mwa njia. Ndege zilizokuwa hewani zilielekezwa nchi nyingine. Marubani wa ndege hizo wakamaliza saa zao huko huko. Ndege iliyopaswa kuja KIA kesho ikawa imeegeshwa mahali pengine. Tangazo la kwamba anga limefunguliwa halimaanishi mgeni wako anakuja leo. Fungua programu ya kufuatilia ndege, tafuta ndege inayopangiwa safari ya KIA, uone iko wapi sasa. Kama bado haijarudi Doha, usitume gari. Na msisahau kwamba Qatar imewahi kufungiwa na majirani zake kuanzia Juni 2017 hadi Januari 2021, ndege zake zikatoka kupitia anga la Iran na Oman, na kituo kiliendelea kufanya kazi. Shirika kubwa hujipanga upya. Siku za kwanza ndizo zinazoumiza.

Notamu zinatumia UTC, saa ya pamoja ya dunia. Ukiisoma, toa 3 upate saa yetu ya Kiswahili; jibu likiwa sifuri ni saa 12, likizidi 12 toa 12 tena: 0300 ya UTC ni saa 12 kamili asubuhi, 1500 ni saa 12 jioni, 1800 ni saa 3 usiku. Angalia mstari wa C, ndio wenye mwisho wa zuio. Ukiona EST, muda huo ni makadirio na unaweza kusogezwa. Ukiona PERM, usipange kitu chochote kupitia hapo.

Mgeni wa kupanda mlima afike siku moja kamili kabla ya kwenda geti, na anayepitia kituo kilicho karibu na mapigano, siku mbili. Wapagazi na mpishi wameshaitwa, vibali vina tarehe, na kundi la pamoja la njia ya Machame halimsubiri mtu mmoja. Alale Moshi: kama begi limebaki njiani, viatu na mfuko wa kulalia vinakodishwa mjini na anapanda. Mwambieni anunue safari nzima kwenye tiketi moja. Mwenye tiketi mbili tofauti akikwama kituoni, shirika la pili linamhesabu kama mtu ambaye hakutokea.

Haki zake pia zijulikane. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inamlinda anayeondoka Ulaya kwa shirika lolote, na anayeenda Ulaya kwa shirika la Ulaya. Anga likifungwa kwa vita, fidia ya fedha taslimu hapati, kwa kuwa hilo liko nje ya uwezo wa shirika. Lakini chakula, hoteli, na njia nyingine ya kufika au kurudishiwa nauli anastahili, na mara nyingi hajui. Arudipo kutoka KIA kwa shirika la Ghuba, kanuni hiyo haimfuati. Bima yake ya safari aisome kabla ya kulipa: nyingi hazilipi vita, na zinazolipa hazilipi vita vilivyokwisha kutangazwa siku aliyoinunua.

Ninyi wa maua na mboga, ambao mzigo wenu mwingi unapita Namanga kwenda Nairobi, mzunguko wa Sudan unawagusa huko pia, tena Nairobi ikiwa juu zaidi ya KIA. Msiweke mzigo wote kwenye ndege moja wiki zenye taarifa mbaya. Gawanyeni kati ya KIA na Nairobi hata kama gharama inapanda kidogo. Mzigo ukirudishwa, waridi hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 5, lakini maharage machanga yakiwekwa humo yanaungua kwa baridi. Yanataka 5 hadi 7. Chumba kimoja hakitoshi kwa vyote viwili.

Jambo la karatasi ndilo linaloharibu mzigo uliokwisha kufika salama. Ndege ikibadilishwa, uwanja wa kushukia Ulaya unaweza kuwa Liège, Ubelgiji, badala ya Amsterdam. Cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, kinataja mahali pa kuingilia, na mwagizaji huko ametoa taarifa kwa kituo cha ukaguzi cha uwanja ule wa awali. Piga simu kwake kabla ndege haijaruka, mpe namba ya hati mpya ya mzigo na jina la uwanja mpya ili abadilishe taarifa. Ukimwambia asubuhi yake, mzigo utakuwa umeshakaa ghalani ukisubiri mkaguzi ambaye hakuutarajia.

Nipo tayari kwa maswali. Tuanze na wenye mzigo wa leo usiku.